Cherehani Iwekwe Wapi?

Mvua ya alfajiri ilikuwa imeharibu kazi ya watu wa mwalo wa Masese, Jinja, Uganda. Mukene, ambao mtu wa Mwanza angewaita dagaa na wa Kisumu omena, walikuwa wametandazwa juu ya nyavu kuukuu tangu jana, na sasa walikuwa wamelowa chapachapa. Lori lililokuja kuwachukua kuwapeleka Mbale likabaki limeegeshwa kando ya mwalo, kabichi zimeshashushwa, bodi tupu. Mwenye mzigo, Mgisu wa makamo anayekuja hapa kila wiki na ambaye wote wanamwita Kabichi, hakuwa na la kufanya ila kungoja jua. Na mtu anayengoja jua Masese haachwi akae kimya.

Mimi nilikuwa nimekuja kununua ngege wawili tu, nirudi zangu mjini. Nikakaa saa nne nzima.

Maneno yaliletwa na cherehani. Mama mmoja mwenye meza ya mukene ana binti aliyemaliza kujifunza ushonaji. Binti amepata cherehani ya miguu, nyeusi, ya zamani, maandishi yake ya dhahabu yamefutika kwa kushikwashikwa, na anatafuta baraza la duka la kuiweka. Masese penyewe hapafai. Mama alitoa sababu bila haya: hakuna bibi harusi atakayeleta kitambaa mahali ambapo kitarudi kinanuka samaki. Basi wapi? Jinja mjini, mwendo mfupi wa boda kutoka hapa, au Mbale, kilomita kama 140 kwa njia ya Iganga na Tirinyi? Mama alimuuliza Kabichi nusu kwa utani, lakini macho yake hayakuwa yakitania.

KABICHI: Shemeji, nipe huyu mtoto leo leo. Mbale ni mji wa watu wanaovaa. Kila mwaka wa shufwa, Agosti ikiingia, ngoma za imbalu zinaanza Mutoto, vijana wanatahiriwa mlima mzima, na hakuna shangazi anayekubali kucheza imbalu na gauni la mwaka juzi. Hiyo moja. Ya pili, Chuo Kikuu cha Kiislamu kiko barabara ya Kumi tangu 1988. Hesabu wasichana wanaotaka mabaibui, hesabu vijana wanaotaka kanzu. Na shule! Mtoto wa shule anachana kaptula kila muhula, hata umshonee ya turubai.

MZEE: Wewe unauza kabichi au unauza mji?

Mzee huyu namfahamu kwa sura miaka mingi. Baba yake alivuka kutoka upande wa Kenya kuja kumwaga zege la bwawa la Owen Falls, na yeye mwenyewe anakumbuka, au anasema anakumbuka, akiwa amebebwa mabegani Aprili 1954, siku Malkia Elizabeth alipokuja kulifungua. Alipokua akaajiriwa kiwanda cha nguo cha Nyanza, kile ambacho watu walikiita Nytil tu. Hata leo anashika kikombe cha chai kama anayeshika uzi unaotaka kukatika.

MZEE: Binti wa kushona akae mji uliofuma nguo. Umeme ulipowaka hapa, viwanda vilipanga foleni. Shaba ya Kilembe ilikuja kwa treni ikayeyushwa hapa hapa. Sukari ya Madhvani kule Kakira ilikuwepo tangu 1930. Bia iko ng'ambo ya mto, Njeru. King'ora cha zamu kikilia, barabara ya Walukuba inajaa baiskeli mpaka huoni lami. Mtu alitoka nyumbani kwa miguu akafika kazini uji haujapoa tumboni. Ninyi huko mlikuwa na nini? Kahawa.

KABICHI: Kahawa si kitu kidogo, Mzee wangu. Chama cha ushirika cha Bugisu cha mwaka 1954 kilisomesha watoto ambao leo ni madaktari. Baba yangu alikuwa na mibuni mia mbili, na sisi tulivaa viatu.

MZEE: Kahawa inapita. Inashuka mlimani, inalala ghalani, inaondoka. Kitambaa kinakaa na mtu, kinamlipa mshahara.

KABICHI: Kilimlipa. Sema kilimlipa.

Pakawa kimya. Mama alijifanya anageuza mukene ambao hawakuwa wa kugeuzwa. Mzee akavuta pumzi, akatusimulia mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka. Fundi mkuu wa zamu yake alimkabidhi shada la funguo, akamwambia azitunze mpaka atakaporudi. "Funguo nilizitunza," alisema. "Vipuri ndivyo vilivyoisha."

Hapa niseme langu kidogo. Mtu akipita Mtaa Mkuu wa Jinja akainua macho juu ya mabati ya maduka ataona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi, imechorwa kwenye saruji kama kwenye makaburi. Na ukienda Mbale, hutamaliza soda kabla mtu hajakuambia kwamba katika miaka ya sitini mji huo ndio uliokuwa safi kuliko yote Afrika Mashariki. Nimeambiwa hivyo na mwalimu, na kondakta, na muuza malewa. Kila mmoja alilisema kana kwamba alikuwa akifagia mwenyewe. Miji hii miwili inasifiwa na wenyeji wake kama marehemu, kwa mema ya zamani. Julai 2020 Serikali iliipandisha cheo yote miwili siku moja, kutoka manispaa hadi jiji, kama makoplo wawili wanaopewa tepe kwenye gwaride moja. Mitaro haikuambiwa.

Kijana wa boda alikuwa amekaa juu ya tangi la pikipiki yake, anasikiliza kwa sikio moja. Sasa akashuka.

KIJANA: Ninyi wazee mnapenda maiti. Nguo za kiwanda! Dada, nikuambie pesa ya Jinja iko wapi leo. Iko kwa Mzungu anayekuja kuendesha mtumbwi wa mpira kwenye maporomoko. Anashuka amelowa, ana njaa, anataka suruali ya kitenge. Maduka ya Mtaa Mkuu yamejaa suruali hizo, na anayezishona ni mtu, hazioti kwenye mti. Mji wenyewe umenyooka, mitaa imepangwa kama karatasi ya hesabu. Hakuna kilima cha kukuvunja goti. Na daraja jipya la 2018 unaliona, mita 525, limening'inia kwa nyaya. Mbale kuna nini cha kumleta mtu kutoka Ulaya?

KABICHI: Mlima wa mita 4,321.

KIJANA: Anaupanda siku nne, anashuka, anakwenda kwao. Hata soksi hanunui.

MAMA: Na asipokuja? Mwaka wa korona walikuja?

Kijana alikuna kichwa. Mwaka 2020, alikiri, alibeba miwa na vidumu vya maji, na rafiki yake mwenye duka la vinyago alifunga akaenda kwao kulima mihogo.

MAMA: Halafu usiniambie maporomoko. Yale ya Ripon, bwawa lilipojengwa, yalizama. Bujagali nayo ikazama 2011 kwa ajili ya bwawa jingine. Kila Jinja ikipata umeme inapoteza kitu cha kuonyesha wageni. Mwanangu atashonea watu wa kutazama maji, na maji yenyewe yanahamishwa?

Huyu mama hakusoma mbali, lakini sijamsikia mtu akiuweka uchumi wa mji wangu kwa maneno machache kiasi hicho.

Kijana hakukubali kushindwa. Akatupa jiwe upande wa pili: mafuriko. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake Mbale, ikaingia majumbani watu wamelala. Walikufa zaidi ya 20. Magari yalikokotwa na maji pamoja na abiria waliokuwamo.

KIJANA: Ule mlima mnaousifu unawateremshia maji usiku. Wanale, kilima cha juu ya mji wenu, ni kizuri mchana.

Kabichi hakujibu kwa haraka, na alipojibu sauti ilikuwa imeshuka. Alisema asubuhi ile alitafuta binamu yake kuanzia saa kumi na mbili, akamkuta saa tano juu ya paa la kanisa, amevaa shati tu. Tangu siku ile, alisema, mawingu yakikaa juu ya Wanale hata kama mjini ni kukavu, watu wa bondeni hawavui viatu.

KABICHI: Lakini wewe kijana, unasema kana kwamba ninyi mko juu ya meza. Mwaka 2020 ziwa halikuja humu?

Mama aliniita nione. Kwenye ukuta wa stoo ya nyavu, kimo cha kiuno changu, kulikuwa na mstari wa rangi ya chai, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na chini yake plasta imebanduka mabamba mabamba. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo, likapita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Kipimo hicho kinachosomwa ili dunia ijue kimo cha maji ya ziwa zima, la Tanzania, Kenya na Uganda, kiko hapa Jinja. "Wao wanasoma kule kwenye chuma chao," alisema Mama, akigonga ukuta kwa ukucha. "Sisi tunasoma hapa."

Jua lilikuwa limeanza kutoka. Watoto wakapita wakichokonoa nyavu kwa vijiti ili maji yachuruzike. Mashua ya kwenda visiwa vya Buvuma ilikuwa inapakia magodoro, sabuni, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu.

Mzee alirudi kwenye hoja yake kwa mlango wa nyuma. Akasema jambo ambalo nilidhani limekwisha sahaulika: binti huyu ana nyumba. Mwaka 1989, kwa msaada wa Denmark, wanawake wa Masese walianza mradi wa kujijengea nyumba. Walifyatua matofali, wakatengeneza vigae, wakajifunza uashi ambao waume zao walisema si kazi ya kike. Bibi mzaa mama wa huyu binti alikuwa mmoja wao.

MZEE: Mtu mwenye kuta zake mwenyewe anataka kwenda kupanga chumba mtaa wa Namatala, Mbale? Kodi itamla kabla sindano haijapata moto.

MAMA: Kuta ni zangu, kweli. Nimezaa humo watoto watano. Lakini Mzee, nyumba inaweza kumfunga mtu kama kamba. Mimi ningekuwa mpangaji, labda ningeshahama zamani, na labda ningekuwa na kitu. Sikulaani. Nasema tu.

Halafu akaleta shahidi ambaye hakuna aliyemtarajia. Jirani yake, alisema, alizaa mtoto ambaye kichwa kilikuwa kinavimba maji. Hapa walimwangalia, wakamwandikia karatasi: nenda Mbale, hospitali ya CURE. Akakuta wanawake kutoka Kongo na Sudan Kusini wamekaa benchi moja naye, wote na watoto wa namna ile, kwa sababu madaktari wa pale ndio waliobuni njia ya kuyatoa maji bila kumwachia mtoto mrija kichwani maisha yake yote. "Jinja tuna Mto Nile," alisema Mama. "Lakini dunia nayo inakwenda Mbale kwa jambo lake."

Kabichi akapanda kichwa. Akaanza kusimulia Mbale kwa nguvu mpya: jinsi Semei Kakungulu alivyoianzisha kwenye kinamasi, akapanda miembe, jinsi Kakungulu huyo huyo mwaka 1919 alivyoingia dini ya Kiyahudi na watu wake, na mpaka leo Wayahudi wa Nabugoye wanashika Sabato yao kilima kimoja na waadhini wakisikika. Jinsi wakati wa uhuru Bugisu na Bukedi walivyougombea mji huo mpaka ikawa kesi ya taifa. Nani alishawahi kuigombea Jinja? Nikaona anakaribia kuharibu, maana mtu akianza kutaja waasisi kwenye mjadala wa baraza la duka, amekwisha potea. Mama naye akaona.

MAMA: Kakungulu alikuwa anavaa saizi gani, shemeji?

Wote tukacheka, hata Kabichi.

Ndipo aliposema mtu ambaye hakuwa kwenye mjadala. Alikuwa Mkaramojong, mama wa kutoka Napak, ameinama tangu asubuhi anaokota majani ya kabichi yaliyokatika wakati wa kushusha. Wapo wengi hapa, mtaa mzima. Walikuja kwa mafungu, mwaka hadi mwaka, wakikimbia njaa na bunduki. Alizungumza bila kuinuka.

MAMA WA NAPAK: Mimi nimekaa kote kuwili. Mbale nilishuka na watoto wawili. Namatala. Asubuhi nafagia kwenye vinu, mahindi yaliyomwagika wananiachia. Jirani Mgisu alinipa sufuria, ninayo mpaka leo. Halafu mwenye kinu akanunua turubai, akalitandika chini ya mashine. Hayakumwagika tena. Nikaja huku.

KIJANA: Na huku?

MAMA WA NAPAK: Huku mukene wanamwagika kila siku. Hakuna turubai la kutosha Masese.

Aliweka jani jingine kwenye gunia. Hakuna aliyemjibu, na mimi nilitoa kijitabu changu nikaandika kabla sijasahau, jambo ambalo lilimfanya kijana wa boda aniulize kama mimi ni mtu wa kodi.

Niliandika pia haya, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mzee na Kabichi na kijana walisifu vitu vya kutazamwa. Wanale hutazamwa, na Nile pia. Hata kiwanda cha Mzee sasa ni cha kutazamwa, kwa macho ya nyuma. Mimi kipimo changu cha mji ni miguu: kutoka kitandani kwa mtu mpaka kazini kwake, mpaka bombani, mpaka dukani kwa vitambaa, mpaka zahanati mtoto akichemka usiku, ni hatua ngapi? Waliojenga mtaa wa wafanyakazi wa Walukuba katika miaka ya hamsini walikuwa wakoloni na walikuwa na hesabu zao, lakini hatua walizihesabu. Zile hatua bado zipo, ila mlango uliokuwa mwisho wa njia ndio uliofungwa. Mbale, kinyume chake, haikupangwa kwa ajili ya mfanyakazi wa zamu. Lakini simama kwenye Mnara wa Saa pale katikati, na kwa dakika chache za kutembea una soko, una stendi, una mtu wa Kapchorwa anayeuza vitunguu, na mwanafunzi anayetafuta fundi wa kumfupishia suruali. Kwa mtu mwenye cherehani tu, ningesema Mbale. Kwa mtu mwenye nyumba iliyojengwa na bibi yake, ningesema Jinja. Huyu binti ana vyote viwili, na ndiyo sababu kabichi zilikuwa zimeshauzwa nusu na sisi bado tunasema.

Binti mwenyewe alikuwa hajafungua mdomo. Alikuwa amekaa kizingitini, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, anaukunja na kuukunjua. Mama yake akamwambia: nawe sema, mwanangu, ni mashine yako.

BINTI: Huko Mbale nitampima mteja kwa lugha gani?

Wanaume wakatazamana. Ni swali la kazi hasa. Fundi anamzungushia mtu utepe kiunoni, anamwambia ainue mkono, avute pumzi, asivute tumbo. Huwezi kuyasema hayo kwa ishara kwa mwanamke wa heshima.

MZEE: Kiswahili. Hapa Jinja tulikipata kambini na kiwandani. Mluo, Msamia, Msoga, Mteso, mashine moja.

KABICHI: Na sokoni kwetu utakisikia. Lugisu utajifunza. Ukisema "mulembe" asubuhi, nusu ya kazi umemaliza.

KIJANA: Lakini kuna watu wakisikia Kiswahili wanashika mifuko. Wanafikiri ni askari.

Hilo nalo ni kweli. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kumbukumbu ya Kiswahili cha mtutu wa bunduki haijui maamuzi ya baraza. Binti alisikiliza yote, akauliza la pili: huko mwenye duka anakodisha baraza kwa mwezi au anataka miezi mitatu mkononi? Kabichi akasema inategemea. Akauliza la tatu: wakati wa mvua baraza linarushiwa maji? Kabichi akasema inategemea baraza. Binti akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo kisichotosha kukata kitambaa.

Saa tisa mukene walikuwa wamekauka vya kutosha. Magunia yakapandishwa, yakafungwa kamba. Binti aliingia ndani, akatoka amevaa sweta na mfuko mdogo mkononi. Cherehani aliiacha palepale mlangoni, imefunikwa gunia. Akamwomba Kabichi kiti cha mbele.

MAMA: Unakwenda kuhama?

BINTI: Nakwenda kupima. Kwanza mabaraza ya Mbale, narudi na lori la wiki ijayo. Halafu ya Mtaa Mkuu.

Akaugusa utepe shingoni kuhakikisha upo. Mama akamkabidhi mukene waliofungwa kwenye gazeti, awape wenyeji wake, akamwambia Kabichi kwamba mtoto akirudi amekonda, shemeji asilete kabichi zake Masese tena. Lori likaondoka likiyumba kwenye mashimo, likipukutisha mukene kila lilipoyumba. Mama wa Napak alikuwa ameshaacha kabichi. Alikuwa anafuata njia ya magurudumu, ndoo mkononi, hana haraka.